Ténéré 700, V-Strom 650XT au Himalayan 450: ipi ya lami na vumbi kidogo?

Mwendapole

Wadau, hamjambo. Nimebakisha pikipiki tatu kwenye orodha, zote zimeshatumika na zote ziko hapa Nairobi. Bei hazijaachana sana, kwa hivyo bei tuiweke kando. Naomba mnisaidie kuzipima kwa kazi niliyo nayo, si kwa sura. Kwa sura nilishaamua zamani, na uamuzi wenyewe siuamini.

Ya kwanza ni Yamaha Ténéré 700 ya 2021, kilomita 28,000, imefungwa masanduku ya alumini pembeni na vyuma vya kukinga injini. Ya pili ni Suzuki V-Strom 650XT ya 2018, kilomita 41,000, ina bamba chini ya injini na sanduku moja la nyuma. Ya tatu ni Royal Enfield Himalayan 450 ya 2024, kilomita 9,000, haijaongezewa chochote.

Kazi yenyewe ni lami sehemu nane kwa kumi. Wikendi ni Magadi hadi Shompole, Suswa, au Kiserian–Isinya na njia za vumbi zinazochepuka pale. Mara mbili kwa mwaka safari ndefu: Isiolo, Marsabit, na nikijaliwa nikate kona Laisamis kwenda Loiyangalani. Mke wangu hupanda nyuma, lakini kwenye lami tu. Nina kilo 82 kabla ya koti na buti, urefu sentimita 170. Kuruka matuta na kushindana na watu sitaki.

Nataka kujua mambo matatu. Katika hizi, kipimo cha kwanza kiwe nini: nguvu, uzito au magurudumu? Nikienda kukagua, nianzie wapi? Na hii habari ya tyubu kwenye Ténéré, ni tatizo kweli au ni maneno ya watu?

---

KonaBaridi

Karibu mzee. Anza na uzito, halafu magurudumu, halafu shoki. Nguvu iwe ya mwisho, na nitakueleza kwa nini.

Zikiwa na petroli, Himalayan 450 ina kilo 196, Ténéré kama 205, V-Strom XT 216. Kati ya nyepesi na nzito ni kilo 20. Sasa tazama yale masanduku ya alumini: jozi pamoja na fremu yake huweza kufika kilo 15 hadi 20 yakiwa matupu. Maana yake muuzaji wa Ténéré amekwisha kuigeuza V-Strom kwa uzito, tena mzigo umekaa juu na nyuma, mahali pabaya kuliko pote. Ukiinunua hiyo, uza masanduku, funga mabegi laini. Na si uzito tu. Ukishusha mguu kwenye mchanga pikipiki ikiendelea kwenda mbele, sanduku la chuma linaugonga muundi kwa nyuma. Begi laini hujikunja.

Kuhusu nguvu: Nairobi tuko kama mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo, yaani kifaa cha kusukuma hewa ndani, hupoteza karibu sehemu moja kwa sita ya nguvu zake. Ténéré yenye nguvu za farasi 72 kwenye karatasi inakupa kama 60 hapa. V-Strom iko pale pale, imepungua kidogo tu. Himalayan yenye 40 inakupa 33 au 34. Ukipita Timboroa, barabara ikiwa juu ya mita 2,700, toa tena hadi upungufu ufike kama robo ya zote. Mfumo wa kupuliza mafuta hurekebisha kiasi cha petroli ili mchanganyiko usizidi, lakini hewa isiyokuwepo hauwezi kuiumba.

Kwa hivyo kwa mtu mmoja farasi 33 zinatosha. Himalayan itakaa kilomita 100 kwa saa siku nzima bila kulalamika. Kwa watu wawili na mizigo, ukipanda kutoka Mai Mahiu nyuma ya lori la kontena, nafasi ya kulipita ndiyo itakayokosekana. Hapo si suala la raha tena, ni usalama wa mtu aliyeketi nyuma yako.

Magurudumu: Ténéré ina 21 mbele na 18 nyuma. Himalayan 21 na 17. V-Strom 19 na 17. Gurudumu la 21 hupanda jiwe badala ya kuligonga na huelea vizuri zaidi kwenye mchanga. La 19 hukunja kona za lami kwa wepesi na linakusamehe ukifunga breki kwa nguvu. Kutoka ardhini hadi tumbo la injini: Ténéré milimita 240, Himalayan 230, V-Strom 170. Hiyo 170 ndiyo namba ya kukaa nayo usiku. Kwenye V-Strom filta ya oili na bomba la ekzosi viko mbele kabisa, vinatazamana na mawe yanayorushwa na tairi. Bamba lililofungwa si pambo. Lakini likague kama linafunika filta kutoka mbele, maana mengine hufunika chini tu.

Petroli: V-Strom lita 20, Himalayan 17, Ténéré 16. Kwa mwendo wa kawaida Ténéré hunywa lita nne na nusu hadi tano kwa kilomita 100, kwa hivyo hesabu 320 na usiote zaidi. Laisamis hadi Loiyangalani ni zaidi ya kilomita 200 za changarawe, na upepo wa kule ndio ule uliowafanya wajenge mitambo ya umeme. Ukiupokea kifuani, matumizi yanapanda. Jaza tangi ukiwa bado kwenye lami, na uwe na lita tano za akiba. Petroli ya huko ndani huuzwa kwenye mitungi, ichuje kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi.

Kwa lami sehemu nane na mke nyuma, mimi ningechukua V-Strom.

---

Pembe_Tatu

Sikubaliani na KonaBaridi kwenye mstari wa mwisho, mengine yote sawa.

Watu hununua pikipiki kwa zile sehemu mbili kwa kumi, kwa sababu sehemu nane za lami hata skuta inazimaliza. V-Strom 650 ina mwendo wa shoki, yaani urefu inaoweza kubonyea, milimita 150 mbele na 160 nyuma. Ténéré ina 210 na 200. Kwenye barabara yenye mawimbi kama ile ya Namanga kuingia Amboseli, shoki fupi iliyobebeshwa mzigo hufika mwisho wake na kugonga. Kila kugonga hupasua kitu: boliti ya fremu ya mizigo, mshikio wa taa, rimu.

La pili ni ABS, ule mfumo wa kuzuia gurudumu lisijifunge ukikanyaga breki. Kwenye V-Strom 650 hakuna kitufe cha kuizima. Kwenye changarawe ya kuteremka, ABS huachia breki kila gurudumu linapotaka kuteleza, nawe unaendelea kwenda tu kuelekea mtaroni. Ténéré unaizima kwa kitufe ukiwa umesimama. Ukizima swichi ya ufunguo inarudi, kwa hivyo kila baada ya kusimama kwa chai ikumbuke. Himalayan 450 inakuruhusu kuzima ya nyuma peke yake, na kwa mtu asiyekimbia hiyo ndiyo hali bora: mbele unalindwa, nyuma unaweza kuliburuta gurudumu ukilitaka.

Ila Ténéré ina kiti cha milimita 875. Kwa sentimita 170 utagusa kwa vidole, au mguu mmoja. Nunua kiti cha chini kabla ya kufikiria kubadilisha vyuma vya shoki ili kuishusha. Ukiishusha kwa vyuma unabadilisha pembe na nguvu ya shoki, unapunguza ile 240 uliyoilipia, na stendi ya pembeni inakuwa ndefu mno hivi kwamba pikipiki inasimama wima na upepo wa lori unaiangusha.

---

FundiWaSpoku

Niwaachie ninyi mjadala wa ipi. Mimi nijibu swali la kukagua, kwa sababu pikipiki nzuri iliyotunzwa vibaya ni mbaya kuliko ile ya tatu kwenye orodha.

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja kwenye injini. Ikiwa ina joto, kunywa maji, ongea habari za mvua, subiri ipoe. Injini ikiwashwa baridi ndipo inaposema ukweli: moshi wa buluu, mlio wa cheni ya taimingi, kusita kushika.

Kabla ya kuwasha, fungua sanduku la filta ya hewa. Kwenye Ténéré iko chini ya kiti, ni kazi ya dakika chache. Kwenye V-Strom lazima uinue tangi, na ndiyo sababu V-Strom nyingi filta zake hazikaguliwi. Usiitazame filta yenyewe tu. Filta chafu ni filta iliyofanya kazi. Itoe, halafu pitisha kidole upande wa ndani, upande unaoelekea injini. Kidole kikitoka kikavu na safi, endelea. Kikitoka na unga laini wa kijivu kama poda ya mtoto, hilo ni vumbi la Suswa au la nyika nyingine kama hiyo, limepita filta na limeshasugua silinda na pete za pistoni. Funga sanduku, shukuru, ondoka. Hakuna punguzo la bei linalofidia hapo.

Spoku: chukua bisibisi ndogo, zungusha gurudumu taratibu, gonga kila spoku katikati. Zilizokazwa hulia kama kengele ndogo. Iliyolegea hutoa mlio mfu. Moja au mbili zinakazwa. Tano zilizofuatana upande mmoja zinamaanisha gurudumu lilipigwa kwenye jiwe, na hapo angalia ukingo wa rimu kwa jicho na kwa kidole. Rimu ya mbele ya 21 kwenye Ténéré hubonyea watu wakienda na upepo mdogo kwenye mawe. Kwa tairi la tyubu mbonyeo wa milimita mbili tatu unaishi nao. Kwa V-Strom XT, ambayo spoku zake zimewekwa kwa rimu isiyotumia tyubu, mbonyeo huo huo unaweza kuvujisha upepo.

Beringi za shingo: inua gurudumu la mbele lisiguse chini, shika usukani kwa vidole viwili, upeleke kushoto na kulia polepole. Ukifika katikati ukahisi kama unaanguka kwenye kishimo, beringi zimekwisha. Hizi huharibiwa na mawimbi ya barabara na maji ya presha ya kuoshea magari. Si ghali, ila kuzitoa ni kazi ya nusu siku.

Nyuma: inua, shika tairi, livute juu na chini. Ukisikia "tok" kabla shoki haijaanza kusogea, hizo ni beringi za viungo vya shoki, zimekauka grisi. Kisha livute kushoto na kulia. Likicheza, ni za gurudumu au za swingamu, ule mkono unaoshika gurudumu la nyuma.

Foku: futa vumbi kwenye zile nguzo zinazong'aa, kandamiza mbele mara kumi kwa nguvu, tazama tena. Duara la oili ni sili imechoka, au kuna mchanga umeingia chini ya mpira wake. Mara nyingine kusafisha kwa kipande chembamba cha plastiki kunatosha. Mikwaruzo kwenye nguzo yenyewe ni habari nyingine, hiyo haisafishwi.

Kwenye Ténéré piga magoti utazame vitu viwili. Kwanza, fremu ya nyuma inayobeba kiti na mizigo: imechomelewa moja kwa moja kwenye fremu kuu, haifunguliwi kwa boliti. Ikipasuka au kupinda kwa sababu ya masanduku, huwezi kuinunua peke yake. Tafuta rangi iliyopasuka au kutu inayochora mstari mwembamba kwenye viungo. Pili, swichi ya stendi ya pembeni, iko wazi kwa mawe. Ikivunjika, injini inazimika ukitia gia na utadhani ni betri. Kikinga chake ni kipande kidogo tu cha chuma.

Kwenye V-Strom, uliza kuhusu silinda ya mbele. Iko nyuma tu ya gurudumu na hupokea maji yote. Kuna tundu dogo la kutolea maji yanayoingia kwenye shimo la plagi. Likiziba kwa matope, maji yanasimama kwenye plagi na injini inaanza kukohoa mvua inaponyesha, inageuka ya silinda moja. Tundu linazibuliwa kwa waya. Watu hubadilisha koili bure.

Valvu: V-Strom hukaguliwa kila kilomita 24,000, Ténéré kila 40,000. Ile V-Strom ya 41,000 ilipaswa iwe imeshakaguliwa mara moja. Muulize nani alifanya na alipata vipimo gani. Akikujibu "haipigi kelele," hajakagua. Valvu iliyobana haipigi kelele, ndiyo inayoungua kimya kimya. Inayopiga kelele ndiyo yenye nafuu.

Taa za dashibodi: ukifungua ufunguo, taa ya injini na ya ABS lazima ziwake. Ya injini izime ukiwasha, ya ABS izime ukishaanza kutembea. Taa isiyowaka kabisa imechezewa, na aliyeichezea alikuwa na sababu.

Mwisho, namba ya chesisi na ya injini, zilingane na logibuku, na jina la kwenye logibuku liwe la huyo anayepokea pesa. Uhamisho ni wa mtandaoni, na ni muuzaji anayeuanzisha. Afanye mbele yako.

---

Mwendapole

FundiWaSpoku, nimeichapisha hii niende nayo. Asante sana.

Swali dogo: Ténéré wanasema springi yake ni laini. Nitajuaje kama ni laini kwa uzito wangu na si kwa uzito wa mtu wa mtandaoni?

---

DadaWaGrisi

Unapima kwa futi kamba, kaka. Mnahitaji kuwa watu watatu na dakika kumi.

Bandika kipande cha tepu kwenye mwili wa pikipiki, juu kabisa ya ekseli ya nyuma, mstari uwe wima. Wenzako wainue nyuma hadi gurudumu lining'inie hewani. Pima kutoka katikati ya ekseli hadi tepu. Tuseme ni milimita 600. Ishusheni, iketi kwa uzito wake wenyewe, ipigwe kofi mbili tatu kitini itulie, upime tena. Kisha uketi ukiwa umevaa kila kitu, buti, koti, na mizigo yako ya safari imefungwa. Mmoja akushikilie usukani, mwingine apime.

Kwa mwendo wa milimita 200 wa Ténéré, ukiwa umeketi na mizigo unataka ishuke 60 hadi 66, yaani karibu theluthi. Kwa V-Strom yenye 160, ni 48 hadi 53. Ikishuka zaidi, zungusha kitufe cha kukaza springi. Zote mbili zina kitufe cha mkono, hakuna haja ya spana.

Sasa jibu la swali lako liko kwenye kipimo cha kati, kile cha pikipiki peke yake. Ukishakaza hadi ukapata 66 ukiwa umeketi, shuka, ondoa mizigo, pima tena bila mtu. Ikiwa inashuka milimita 15 hadi 25, springi inakufaa. Ikiwa haishuki kabisa, au inashuka 5 tu, springi ni laini kwako. Wengi hulisoma hili kinyume wakadhani ni ngumu kwa sababu haisogei. Haisogei kwa sababu umeikaza mno ili kuficha ulaini wake, na sasa kwenye shimo gurudumu haliwezi kushuka kufuata ardhi, nyuma inaruka.

Kilo 82 na vazi na begi la kilo 15 ni karibu 105. Peke yako huenda ukapona na springi ya kiwanda. Ukiongeza mke, hapana. Lakini kwa kuwa mke ni wa lami tu, kaza kitufe hadi mwisho siku hiyo na ukubali irukeruke kidogo. Springi nzito ya watu wawili itakuumiza wewe peke yako siku nyingine zote.

Ukimaliza hapo, shughulika na cheni. Watu wa lami hukaza cheni kupita kiasi. Pikipiki yenye shoki ndefu ikibonyea, kuna mahali sproketi ya mbele, kiungo cha swingamu na ekseli ya nyuma hukaa kwenye mstari mmoja. Hapo ndipo cheni inakuwa imebana kuliko mahali pengine pote. Mkalishe mtu mzito au ifunge kwa mkanda hadi ifike kwenye huo mstari, kisha uiguse cheni kwa kidole. Lazima ibaki na mchezo wa kama sentimita moja. Isipokuwa nao, kila shimo unalopiga unavuta shafti ya gia kwa nyuma, na beringi ya pale ikienda unafungua injini nzima.

---

Tyubu_Mbili

Kwenye tyubu nijibu mimi, ndilo swali pekee ninaloliweza.

Ténéré ni ya tyubu mbele na nyuma. Si maneno ya watu, ila pia si msiba. Shida halisi ni hii: fundi wa pancha wa Laisamis au Shompole anajua kazi yake kukushinda, lakini stoo yake ni ya boda. Ana tyubu za 17 na 18, nyembamba. Ya 21 hana. Kwa hivyo beba tyubu moja ya 21 nzito. Ikibidi unaweza kuiingiza hata kwenye tairi la nyuma la 18, inakunjamana kidogo ndani, ukaenda polepole hadi mjini. Kinyume chake hakiwezekani.

Beba pia vyuma vitatu vya kung'olea tairi, pampu ndogo ya betri, viraka na gundi mbichi isiyokauka, msasa, na soketi zinazoingia ekseli zote mbili. Usibebe kwa imani. Toa magurudumu yote mawili nyumbani kwa hizo hizo zana. Mara nyingi nati ya nyuma ilikazwa na mashine ya gereji na mkono mtupu hauifungui.

Kubandua tairi kwenye rimu ndiyo sehemu inayowashinda watu. Laza gurudumu chini, weka mguu wa stendi ya pembeni ya pikipiki nyingine kwenye ubavu wa tairi karibu na rimu, uiegemeze pikipiki juu yake. Linabanduka kwa uzito huo. Wakati wa kurudisha, pulizia tyubu upepo kidogo tu, ipate umbo lakini iwe bado laini, usiibane na chuma. Robo tatu ya pancha za njiani huwa fundi mwenyewe ameziongeza wakati wa kurudisha. Hiyo namba ni ya mdomo wangu, msiipeleke popote.

Ile nati ndogo ya vali usiikaze kwenye rimu. Ipandishe ikutane na kifuniko. Tyubu ikiteleza ndani ya tairi, utaona vali imelala upande, nawe utakuwa umeonywa kabla haijakatika.

Upepo: lami na mizigo fuata kitabu cha pikipiki. Vumbi jepesi, shuka hadi psi 28 mbele na nyuma. Mchanga, 24 au 25 kwa muda. Chini ya 22 kwenye mawe unatafuta pancha ya kubanwa, ile yenye matundu mawili sambamba kama ya meno ya nyoka.

V-Strom XT haina tyubu, na hapo ndipo faida yake kubwa ilipo. Msumari ukiingia, unauchomoa, unapitisha ule uzi wa gundi, unapuliza, unakwenda, gurudumu halijatoka hata nusu. Kwa mtu wa lami sehemu nane hiyo ni hoja nzito kuliko farasi.

Na kwa yeyote atakayepita Isinya mvua ikiwa imenyesha: ule udongo mweusi hujaa kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu linasimama. Pikipiki yoyote, namba zozote. Fungua madigadi ya mbele uifunge mgongoni, au keti chini ya mti hadi alasiri.

---

Mwendapole

Nimerudi na majibu ya ukaguzi, niwape namba.

Himalayan: safi, kila kitu sawa, lakini nilipompandisha mke nikapanda nayo mlima nikirudi Kiserian, niliona KonaBaridi alisema kweli. Nimeitoa.

V-Strom: filta haijawahi kuguswa, kidole kilitoka safi hata hivyo. Valvu hazijakaguliwa. Bamba linafunika chini tu, filta ya oili iko uchi. Beringi za shingo zina kishimo cha katikati.

Ténéré: kidole safi. Spoku mbili za mbele zina mlio mfu, haziko pamoja. Rimu ina mbonyeo kama wa milimita mbili. Fremu ya nyuma, upande wa kulia, kuna mstari mwembamba wa kutu kwenye kiungo ambapo fremu ya masanduku imeshikana. Muuzaji anasema ni rangi tu.

---

FundiWaSpoku

Kama ni rangi tu, atakuruhusu uikwangue. Nenda na msasa namba 400, kikombe cha mafuta ya taa na chokaa au chaki iliyosagwa. Fungua masanduku na fremu yake kwanza. Kwangua rangi sentimita mbili kuzunguka mstari, pakaa mafuta ya taa, subiri dakika kumi, futa hadi pakauke kabisa, kisha nyunyiza chokaa. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatapanda na kuchora mstari mweusi kwenye chokaa. Usipoona mstari, ni rangi.

Akikataa usikwangue, umeshajibiwa.

V-Strom yako ina kasoro zenye bei inayojulikana: beringi za shingo, ukaguzi wa valvu na gasketi zake, filta ya hewa, na kipande cha bamba cha kuchomelea mbele ya filta ya oili. Zote ni kazi za siku mbili gereji. Andika orodha hiyo kwa karatasi, mpe, mtoe kwenye bei yake kimoja kimoja.

---

DadaWaGrisi

Na ukiichukua hiyo V-Strom, huyo fundi wa valvu akishainua tangi mwambie abadilishe filta ya hewa na azibue lile tundu la silinda ya mbele kwa wakati huo huo. Oili ni lita 2.7 na filta yake, 10W-40 iliyoandikwa JASO MA au MA2 kwenye kopo, alama ya oili ya pikipiki. Asikuwekee ya gari kwa sababu imebaki kwenye debe. Ina vilainishi vinavyofanya klachi iteleze, na utaligundua hilo ukipanda mlima wa Marsabit ukiwa na mzigo.

---

Pembe_Tatu

Mimi bado nangoja jibu la chokaa.